Vyombo vya Watu

"Mwambie nimelala, mama."

"Nimwambie umelala, na sauti yako yasikika mpaka njiani?" Bi Zubeida alijibu, kwa sauti iliyosikika mbali zaidi. "Mtu ameposa, amekubaliwa, leo wamsimamisha nje kama msoma mita! Ondoka hapo kitandani, vaa mtandio. Bassam, mwanangu, karibu! Yuwaja sasa hivi!"

Nje ya mlango, Bassam alitabasamu kwa mara ya kwanza tangu jana. Kisha akakumbuka kilichomleta, na tabasamu likakatika.

Watu husema mapenzi huingilia machoni. Ya Bassam yaliingilia kwenye chanuo. Mama yake, marehemu Bi Ihsan, aliugua saratani mpaka hospitali ikasema haina la kuongeza, na Fairuz ndiye muuguzi aliyekuwa akija nyumbani kwao Mkomani na mkoba wa dawa za maumivu. Wauguzi wa kazi yake hawaendi kumponya mtu; wanaenda kuhakikisha anaondoka bila kuteseka. Siku moja Bassam alirudi kutoka duka lake la taa Kongowea, akamkuta Fairuz anamchana mama yake nywele polepole, huku akimsimulia bei ya samaki. Bi Ihsan hakujua tena ni nani anayemchana. Hapakuwa na mtu wa kumwona Fairuz wala wa kumsifu. Bassam alirudi nyuma, viatu mkononi, na tangu siku hiyo mambo yake hayakuwa mambo tena. Alimaliza eda ya moyo wake, ikiwa wanaume nao wana eda, ndipo akatuma posa. Ikakubaliwa. Harusi ikapangwa baada ya Idi.

Sasa Idi inakaribia, na mchumba hashiki simu.

Ua wa Bi Zubeida huko Bakarani ulikuwa mdogo, una kamba mbili za nguo na mkeka mmoja. Fairuz alikaa ncha hii, Bassam ncha ile, na Bi Zubeida akajiweka kwenye kigoda mlangoni pa jiko, ungo wa mchele mapajani.

"Mimi nachagua mchele," alitangaza. "Sisikii kitu."

Mchele ule ulikuwa umechaguliwa tangu asubuhi.

Bassam akamtazama Fairuz. Alikuwa amekonda. Macho yake, yale yaliyomfanya Bassam asahau kuwarudishia wateja chenji, yalimtazama kwa adabu tu. Adabu hiyo ndiyo iliyomtia hofu.

"Simu hushiki," alianza.

"Kazi."

"Kazi naijua. Fairuz, mama mkubwa alikuja hapa jana."

"Alikuja. Alituletea mahamri."

"Akafungua kabati."

"Akafungua."

Mama mkubwa huyo ni Bi Malak, dada mkubwa wa Bi Ihsan, aliyesimama mahali pa mama katika mambo yote ya harusi. Na upande wa bwana harusi, kama ilivyo desturi, hupenda kuviona vyombo vya bibi harusi. Bi Zubeida alimnunulia bintiye kabati zuri la vioo. Bi Malak aliliona sebuleni, akalifungua kabla ya mwenyewe kuwahi kumshika mkono. Badala ya sahani mpya za maua alikuta mabakuli ya watu. Mabakuli ya kauri na ya plastiki, hotipoti, masinia, yamepandana mpaka juu, na kila kimoja kina alama yake chini kama wafanyavyo watu ili vyombo visipotee shughulini: huku tone la rangi ya kucha, huku herufi iliyokwaruzwa kwa msumari. Na katikati ya rundo, bakuli lenye vitone vitatu vya kijani. La Ihsan.

"Mama mkubwa asema bakuli la mama limo humo," Bassam alisema.

"Limo."

"Asema asiyerudisha chombo cha watu hawezi kurudisha wema."

"Amesema kweli."

Bassam alikuja amejiandaa kumtetea Fairuz mbele ya Fairuz mwenyewe, na sasa hakuwa na wa kubishana naye. "Sikuja kukulaumu," alisema. "Nimekuja unipe neno moja nikamjibu. Nimwambie ulisahau. Nimwambie lolote."

"Mwambie posa imevunjika."

Mkono wa Bi Zubeida ulisimama ndani ya ungo.

"Imevunjika?" Bassam aliuliza. "Kwa bakuli?"

"Si kwa bakuli." Fairuz akavuta pumzi, na alipofungua kinywa tena, sauti yake ilikuwa imeshuka, imelainika, kila neno limewekwa polepole pahala pake. "Najua ni jambo zito kulisikia. Usijilazimishe kusema kitu. Chukua muda wako. Niko hapa."

Bassam alisimama.

"Sauti hiyo!" alisema. "Usizungumze nami kwa sauti hiyo! Hiyo ndiyo uliyotumia nami siku mama alipokatiwa tamaa. Maneno yaleyale, 'Niko hapa.' Siku ile yaliniokoa, wallahi, sitayasahau mpaka nakufa. Lakini leo mimi sifi, Fairuz. Mimi nimekasirika!"

"Basi nikwambie kwa sauti gani?" Fairuz naye akasimama. "Sina nyingine! Nimeitafuta. Nazungumza na mama kwa hiyo hiyo, na muuza mboga kwa hiyo hiyo. Juzi nimemuuliza kondakta maumivu yake ni mangapi kati ya sifuri na kumi, kwa sababu alikuna kichwa!"

Bi Zubeida alitaka kucheka. Aliuona uso wa mwanawe, akaacha.

Bassam akaketi tena, taratibu. "Hebu niambie," alisema. "Yote. Nakusikiliza."

Fairuz hakuketi. Alishika kamba ya nguo, akaanza kukunjua na kukunja ncha ya leso iliyoanikwa.

"Kulikuwa na mzee wangu Mwakirunge. Kaingu. Nilimhudumia muda mrefu, yeye na mkewe, Mama Margaret. Siku ya mwisho nilikuwa nimetoka Bamburi kwa mgonjwa mwengine, na kabla yake Mshomoroni. Mzee akakata roho mikononi mwetu. Mkewe akalia. Wajua mimi niliwaza nini?"

"Sijui."

"Niliwaza kuwa sijala. Mtu amefiwa na mumewe mbele yangu, nami nafikiria tumbo. Akazidi kulia, nikamwambia, 'Nyamaza basi, mama.' Hivyo hivyo, kwa ukali. Kisha nikaketi chini, usingizi ukanichukua. Niliposhtuka nyumba imejaa watu wa kanisani, wote wananitazama. Nikabeba mkoba wangu nikatoka kama mwizi. Hata pole sikumpa. Baada ya mazishi akanitumia bakuli la muhogo wa nazi. Mimi niliyemkaripia! Muhogo nikaumwaga. Bakuli nikalitia kabatini."

"Na haya mengine?"

"Kila nyumba hunipa chakula, Bassam. Nawe wajua chombo cha watu hakirudi kitupu. Zamani nilikuwa nikipika, visheti, mkate wa mayai, nikawarudishia. Halafu nikawa nikifika nyumbani, mikono haitaki hata kukuna nazi. Nikasema kesho. Nikasema wiki ijayo. Mwisho nikaona bora yakae. Kwa sababu nikiyarudisha watanishukuru, nami siwezi kushukuriwa tena. Watu wananishika mikono, wananiombea dua, na ndani yangu hakuna mtu wa kuipokea."

"Si uombe kupumzika?"

"Sista Emmaculate, mkubwa wangu, ameniambia mpaka amechoka. Mimi ndiye niliyekataa. Nikipumzika, nani ataenda Mwakirunge? Mtu ateseke kwa sababu Fairuz yuwalala?"

Bassam aliitazama mikono yake. Swali lililobaki lilikuwa moja, na hakulitaka. Alimuuliza hata hivyo.

"Na mimi?"

"Ulipoleta pete, nilicheka kwa sababu kila mtu alikuwa akicheka." Fairuz alisema hivyo bila kumtazama. "Najua nakupenda. Najua kama mtu mwenye mafua ajuavyo kuwa chai ina sukari. Ameitia mwenyewe, lakini haisikii. Sasa mtu wa namna hiyo aolewe? Uje jioni umechoka, unihadithie ya dukani, nikuuguze? Bi Malak anaogopa nitakuwa mke asiye na wema. Nami naogopa hilo hilo."

"Nywele za mama yangu ulizichana."

"Mama yako nilimpenda. Lakini baada yake walikuja wengine, na wengine, na kila mmoja alistahili apendwe vilevile. Sikuwa nacho cha kuwapa."

Bassam akavaa viatu. Akaenda mpaka mlango wa ua, akashika komeo, akasimama hapo amewapa mgongo. Bi Zubeida alimwomba Mungu kimya kimya. Fairuz alijiambia kwamba ndivyo alivyotaka, ameyapata, na akashangaa kuona leso aliyoishika imekunjika yote mkononi.

"Bi Zubeida," Bassam alisema bila kugeuka, "nna ruhusa ya kungia sebuleni?"

"Una ruhusa, mwanangu. Wenda kufanya nini?"

Alivua viatu alivyokuwa amevivaa sasa hivi, akaingia, na wakasikia vioo vya kabati vikisukumwa. Alipotoka alikuwa amekumbatia mabakuli mpaka kidevuni.

"Nipeni kikapu," alisema. "Twaenda kurudisha vyombo vya watu."

"Vitupu?" Fairuz aliuliza.

"Vitupu."

"Vitupu!" Bi Zubeida alishika kifua. "Nimezaliwa Mombasa hii, nimezeeka Mombasa hii, chombo kitupu sijarudisha! Angalau ndimu. Angalau chumvi ya kufumba mtu macho!"

"Mama, hana cha kutia," Bassam alisema. "Tukitia ndimu tutasema uongo. Fairuz, hatuendi kushukuriwa. Twaenda kurudisha vyombo, basi. Posa tutaivunja jioni ikiwa bado wataka. Nitaivunja mimi mwenyewe, nitamwambia mama mkubwa kosa ni langu. Lakini kwanza vyombo."

Fairuz aliyatazama yale mabakuli.

"Tuanze kwa nani?" Bassam alimuuliza.

"Kwa Mama Margaret," alisema. "Nikiweza pale, kwengine nitaweza."

"Nami naja," Bi Zubeida alisema, tayari yumo ndani ya buibui. "Mkeka mmoja nimewaachia. Tuktuk siwaachii."

*

Nyumba ya Margaret ilikuwa juu kidogo ya machimbo ya Mwakirunge, na vumbi jeupe la mawe lilikuwa limelala juu ya migomba yake. Mwenyewe alikuwa uani anapukuchua mahindi, mwanamke mpana, kitambaa cheusi cha msiba bado kichwani. Aliponyanyua macho, punje zilimwagika.

"Sista!" alisema. "Sista weye! Mimi nilisema umehama!"

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Na hawa?"

"Mama yangu mzazi. Na huyu..." Fairuz alikwama.

"Bassam," Bassam alisema. "Nabeba kikapu."

Margaret alimwangalia kuanzia kofia mpaka viatu, akaelewa yote yaliyopaswa kueleweka, akatandika mkeka. Mgeni njoo, mwenyeji apone, alisema, na kwa siku hizi yeye alihitaji kupona kweli, nyumba ilikuwa kimya mno.

Fairuz hakuketi. Alilitoa bakuli kikapuni na kukuta ndani ndimu moja, safi, imeng'aa. Bi Zubeida akaangalia migomba. Fairuz aliitoa ndimu, akampa mamake mkononi mbele ya watu wote, kisha akamshikia Margaret bakuli kwa mikono miwili.

"Bakuli lako, mama. Limekaa sana kwangu. Na nimelileta tupu."

Margaret alilipokea, akaligeuza kuitazama alama yake, akaliweka chini.

"Na nimekuja kukutaka radhi. Siku ile mzee alipokata roho nilikukaripia. Nilikwambia unyamaze."

"Ulisema," Margaret alijibu. "Nilisikia. Nilikasirika pia. Kesho yake nikamwambia dada yangu, yule sista ana mdomo!"

Fairuz aliinamisha kichwa. Bassam alipiga hatua moja mbele, na Bi Zubeida akamshika kanzu.

"Lakini ngoja nikwambie," Margaret aliendelea. "Uliposema vile, ulikuwa umeshika ukuta. Nikakuangalia. Nikasema, huyu mtoto naye anaanguka. Kweli, ukaketi chini, pale pembeni mwa Kaingu, ukalala. Unakumbuka?"

"Nakumbuka kuamka tu."

"Ulilala, mwanangu. Ukawa unasema usingizini. Unajua ulisema nini? 'Sijala.' Mara mbili."

Bi Zubeida alitoa sauti ndogo.

"Ulipoamka ulikuwa umefunikwa leso," Margaret alisema. "Hukuiona?"

Fairuz alifikiri. Aliiona, ndiyo. Leso ya rangi ya kahawia, ilimwangukia miguuni alipokuwa akikimbia na mkoba wake. Hakuwa amejiuliza imetoka wapi.

"Ni yangu. Nilikufunika mimi. Watu wa kanisa walipoingia na nyimbo zao nikawaambia polepole, sista amelala. Ndiyo maana walikuwa wanakuangalia. Walikuwa wanakulinda usiamke."

"Mumeo alikuwa amelala pale maiti, mama, ukanifunika mimi?"

"Sikiliza sasa." Margaret alisogeza mahindi pembeni. "Wewe ulikuwa unakuja, unatoa dawa, unaenda. Hiyo ni kazi kubwa, Mungu akulipe, Kaingu hakulia kwa maumivu hata siku moja tangu uje. Lakini usiku ni mimi. Kugeuza ni mimi, kufunika ni mimi. Leso ikishuka namfunika, ikishuka namfunika. Na mimi nilichoka! Kuna siku nilikaa jikoni nikasema, Mungu, mchukue basi. Mke gani anasema hivyo? Kisha akachukuliwa. Na mikono yangu hii ikabaki inatafuta, haijui ifanye nini. Ndiyo maana nililia vile. Halafu nikakuona wewe umelala hapo, unatetemeka. Nikapata mtu wa kufunika. Nilishukuru, sista. Unanisikia? Siku ile mimi nilimshukuru Mungu kwa sababu ulichoka mbele yangu. Na ule muhogo haukuwa asante. Nilituma kwa sababu uliondoka hujala. Uliula?"

Mwongo angesema ndiyo.

"Niliumwaga, mama."

Margaret alimkazia macho. Kisha akaanza kucheka, kicheko kizito cha mwanamke ambaye hajacheka siku nyingi, akacheka mpaka akashika ubavu. "Aliumwaga! Muhogo wangu na nazi mbili! Basi leo utakula, na nitakaa hapa nikuangalie!"

Fairuz naye alitaka kucheka. Kilichotoka hakikuwa kicheko. Kilianzia chini kabisa, kikamkunja, kikamkalisha kwenye mkeka bila hiari yake, na alipokuwa pale alimlilia Kaingu. Alimlilia Bi Ihsan na nywele zake nyeupe. Aliwalilia wa Bamburi na wa Mshomoroni, na wengine ambao majina yao alidhani ameyasahau. Ilimuuma, na alifurahi kuwa inamuuma. Bi Zubeida alikuwa amemshika upande huu na Margaret upande ule, na hakuna hata mmoja aliyemwambia anyamaze.

Bassam alisimama na kikapu chake. Alitamani awe yeye aliyemshika. Dini na mama mkwe vilimweka pale alipo, basi akafanya alichoweza: akachota maji mtungini, akayaweka karibu na mkono wake, akarudi nyuma.

*

Walikula muhogo wa kuchemsha na pilipili ya ndimu, maana ndimu ya Bi Zubeida hatimaye ilipata kazi. Fairuz alikula sana. Alikuwa amevimba macho, pua nyekundu, na Bassam aliapa moyoni kwamba hajamwona mzuri zaidi ya hapo.

"Usidhani nimepona," Fairuz alimwambia, kwa sauti ya kukwaruza iliyokuwa yake mwenyewe. "Kulia mara moja si kupona. Hilo nalijua, ndiyo kazi yangu."

"Sikudhani."

"Nitamwambia Sista Emmaculate anipe likizo. Si ya siku mbili."

"Na Mwakirunge?"

"Ataenda mwengine. Kama hakuna, watafute, na huyo atakayekuja wampe muda wa kulala, asiwe kama mimi."

Hapo simu ya Bassam ikalia. Alitazama jina, akakunja uso. "Mama mkubwa."

"Nipe," Fairuz alisema.

"Fairuz, si lazima leo..."

"Nipe, Bassam."

Alimpa. Bi Zubeida aliacha kutafuna.

"Shikamoo, Bi Malak. Ni Fairuz."

"Marahaba." Ilikuwa marahaba kavu, yenye mifupa.

"Bakuli la dada yako ninalo. Sikuliweka kwa dharau. Nilichoka, Bi Malak. Nimeuguza watu mpaka nikawa sisikii tena kitu, hata furaha ya harusi yangu sikuisikia. Sikuwa na cha kutia, nikaona haya kulirudisha tupu. Ulikuwa na haki ya kuuliza, na mimi ndiye wa kukujibu, si Bassam."

Fairuz akaitazama simu kama imekatika.

"Mimi nilimuuguza Ihsan wiki ya mwanzo tu," sauti ilirudi, imepungua. "Kisha nikawaambia presha imepanda. Haikupanda, mwanangu. Sikuweza kumtazama vile. Ndugu yangu wa kuzaliwa naye, nikamkimbia, na wewe mtoto wa watu ukakaa. Kila nikikuona najiona mimi. Jana nilipoliona bakuli lake, nikapata pa kuitupa aibu yangu, nikakutupia wewe."

"Bi Malak..."

"Niache nimalize, sitapata ujasiri huu tena. Ulimchana nywele dada yangu. Ulimtilia maji midomoni. Na mimi sijakwambia ahsante hata siku moja. Leo nakwambia. Ahsante, Fairuz."

Jibu la Fairuz kwa neno hilo lilikuwa moja miaka yote: ni kazi yangu. Lilikuja lenyewe, likafika ulimini. Akalimeza. Akangoja mpaka ile ahsante imfike.

"Nimeipokea," alisema, na machozi yakamshuka upya, taratibu safari hii. "Nimeipokea, Bi Malak. Nami nashukuru."

Bi Malak alipiga chafya, au alijifanya kupiga. "Haya. Na hiyo posa? Bassam ameniandikia ujumbe hauna kichwa wala miguu. Sijui yavunjwa jioni, sijui haivunjwi. Kipi ni kipi?"

Fairuz alinyanyua macho. Bassam alikuwa ameinama, anakitazama kiatu chake kwa bidii kubwa, na masikio yake yalikuwa yamewiva. Huyu ndiye aliyemwambia atajitia kosani mwenyewe ili yeye asilaumiwe. Huyu ndiye aliyemwekea maji akarudi nyuma. Fairuz alimtazama mpaka mwisho wa kumtazama, na kitu kikasogea kifuani, kidogo, lakini kilisogea.

"Haivunjwi," alisema. "Mimi sivunji. Ila naomba harusi isogezwe. Nataka kwanza nilale, nikae bila mgonjwa, nijirudie. Sitaki kumpa Bassam makombo."

"Isogezwe," Bi Malak alisema. "Idi haziishi."

Fairuz alipoishusha simu, Bassam alikuwa tayari amesimama. Alisema jambo kuhusu migomba, kwamba anataka kuiona migomba ya nyuma, jambo ambalo mwuza taa wa Kongowea hajapata kulitaka maishani mwake, akazunguka nyumba haraka, mkono usoni.

"Yuwenda wapi?" Bi Zubeida aliuliza.

"Mwacheni," Margaret alisema. "Wanaume hulia nyuma ya nyumba."

Fairuz aliinuka. Akajifunga mtandio vizuri, akamfuata, bila haraka, mpaka kona ya nyumba ikamficha. Bi Zubeida, ambaye tangu asubuhi hakuwaacha peke yao hata kwa kupepesa jicho, alikohoa kidogo, akamgeukia Margaret na kumuuliza habari za mahindi.